Kaimati za Tanga kwenye baridi ya Iringa

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Iringa, huu ni mwaka wa pili. Kaimati nilifundishwa na mama na kule nyumbani nilikuwa nazipika bila shida. Huku zimenishinda. Vipimo ni vilevile: vikombe viwili vya unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha hamira, nauacha saa moja kama mama. Lakini zinatoka nzito, zinakunywa mafuta, nyingine ndani mbichi. Nikizitia shira zinang'aa vizuri, naziweka kwenye hotpoti zisipoe, lakini ikifika magharibi zimelegea kama mandazi ya jana. Shira nayo inarudi kuwa sukari sufuriani, chengachenga tupu. Ndimu siku hizi siweki, watoto wanasema inaleta ukali. Jirani kaniambia huku juu lazima hamira iwe mara mbili na magadi kidogo. Mwingine anasema mafuta yawe ya moto sana ndiyo hayaingii. Nilitaka Ramadhani hii niuze, naogopa aibu. Na juzi shira imenirukia kwenye kiungo cha kidole gumba, nikapaka dawa ya meno. Limetoka lengelenge na sasa limepasuka. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na kidole, kaimati zitasubiri.

Kuungua na shira si sawa na kuungua na maji. Maji ya moto yakikumwagikia yanatiririka na kuanguka. Shira inanata, na kwa kuwa imechemka kupita joto la maji, inaendelea kuunguza ngozi pale ilipogandia. Dawa ya meno haiondoi joto hilo. Ule ubaridi unaousikia ni wa minti tu, chini yake ngozi inaendelea kuungua, na dawa yenyewe inakiwasha kidonda na kukificha asikione vizuri atakayekutibu. Siku nyingine, Mungu apishe mbali, kimbilia bombani. Acha maji ya baridi ya kawaida yatiririke juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20 nzima. Barafu hapana, samli hapana, ute wa yai hapana. Pete zitoke mara moja kabla mkono haujavimba. Lakini kwa sasa, kwa kuwa lengelenge limepasuka na liko kwenye kiungo, nenda zahanati au kituo cha afya leo hii. Watakisafisha, watakifunga ili kidole kisikakamae, na uwaulize kuhusu sindano ya pepopunda. Kuungua usoni, mkononi, kwenye viungo, au kwa mtoto mdogo, huwa hatusubiri nyumbani tuone kesho itakuwaje.

Haya, sasa tuje jikoni.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na la kwanza nililotaka kukwambia ni kwamba mkono wako haujaharibika. Vipimo vya mama ni sahihi kabisa, ila ni vipimo vya Tanga. Ameviweka kwa joto la kule, kwa jiko lake, kwa ungo wake wa kumwagia kaimati. Wewe umeyachukua mapishi ukaacha hali ya hewa nyuma, na sehemu kubwa ya kaimati ni hali ya hewa.

Chukua hiyo saa moja. Hamira ni kiumbe hai. Ikipata unyevu na utamu kidogo inakula na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoufurisha unga na kuujaza vishimo. Lakini kasi yake ya kula inafuata joto. Kwa makadirio ya jikoni, joto likishuka nyuzi 10 kasi inapungua kama nusu. Jiko la Tanga mchana lina nyuzi 30 na zaidi. La Iringa siku ya mawingu linaweza kuwa na 18 au 20, na asubuhi za Juni na Julai hata hapo halifiki. Kwa hiyo saa moja ya mama ni saa mbili zako, pengine na zaidi. Wewe unakaanga unga ambao ndiyo kwanza unaamka usingizini. Bado ni donge. Donge zito linakawia kuiva katikati, nawe unaliacha kwenye mafuta ukilisubiri, na katika kulisubiri huko ndipo linapokunywa.

Mama alipokwambia saa moja, naamini macho yake yalikuwa kwenye bakuli zaidi kuliko kwenye saa ya ukutani. Jifunze kulitazama bakuli hilo. Unga ulio tayari umepanda kiasi cha mara mbili, juu una mapovu yanayopasuka polepole kama uji unaotokota kwa mbali, na ukiuchota kwa kidole unavutika utando mrefu kabla ya kukatika. Harufu yake ni ya mkate mbichi. Ukisikia harufu kali ya pombe, na katikati unga umebonyea na kuwa majimaji, umepitiliza: hamira imemaliza sukari yote, ule utando umechoka, na kaimati zitakuwa na ukali, hazitashika rangi vizuri na zitanyonya mafuta vilevile. Kwa hiyo kuuacha usiku kucha juu ya meza nako si dawa.

Jirani yako amesema nusu ya ukweli. Kweli huko juu mambo yanabadilika. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Lakini hewa ikiwa nyepesi povu la hamira linafura zaidi, si pungufu. Mwinuko peke yake ungetaka hamira ichache kidogo. Kinachokuchelewesha ni baridi, na dawa ya baridi ni joto. Ukiongeza hamira mara mbili utapata unga unaofura upesi na kunuka pombe upesi, na ladha ya hamira itabaki mdomoni mpaka taraweh. Baki na kijiko chako kimoja. Kandia kwa maji ya vuguvugu, yale ambayo ukichovya kidole husikii moto wala baridi. Maji yakiwa ya moto wa kuchoma kidole, hamira inakufa humohumo bakulini na utasubiri mpaka kesho. Kisha weka bakuli ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto kiasi cha kumwogeshea mtoto, funika na kitenge kilichokunjwa, na maji yakipoa uyabadilishe mara moja. Anayepikia mkaa anaweza kuliweka pembeni ya jiko linalozimika. Utaushangaa huo unga.

Magadi soda yaache kabisa. Yanataka kitu chenye ukali cha kupambana nacho, kama mtindi. Bila hivyo yanakaa ndani ya kaimati na kuleta ladha ya sabuni. Na yana hila nyingine: yanaufanya unga ushike rangi haraka. Utaona kaimati imekuwa ya kahawia nzuri, utaitoa, utaipasua, katikati unga mbichi unakutazama. Tatizo hilo unalo tayari, usiliongezee mkono.

Kuna jambo hukuliandika, nami ndilo nililokuwa na hamu nalo: unga unaupigaje? Wengi wanakoroga kwa mwiko mpaka madonge yaishe, basi, wanafunika. Kaimati hazitaki hivyo. Unga ukishalainika, zito kuliko uji, laini kuliko wa mandazi, kiasi kwamba huwezi kuufinyanga, unaingiza mkono. Vidole vinakunjwa kidogo kama unachota maji, unauinua unga na kuupigiza kwenye ukingo wa bakuli, unauinua, unaupigiza, dakika 5 mpaka 10. Mwanzoni unakushika vidole vyote. Baadaye unaanza kuachia, unang'aa, na ule mlio wa chwap, chwap unabadilika na kuwa mzito, wa puh, puh. Hapo protini za ngano zimeshashikana na kufanya nyavu nyembamba za kuizuia hewa. Unga usiopigwa hamira inatoa hewa na hewa inatoroka. Nikiwa mtoto niliwajua wapishi kwa sauti hiyo, unapita nyuma ya nyumba baada ya alasiri unajua nani anapika leo.

Na kwa kuwa hewa ya huko ni kavu kuliko ya pwani, unga wako unaweza kuwa mkavu pia, ukanywa maji zaidi ya wa mama. Anza na kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya unga, halafu ongeza kijiko kimojamoja mpaka ufikie ulaini huo. Sukari ndani ya unga iwe kijiko kimoja cha chai tu, cha kuiamshia hamira. Wanaotia robo kikombe wanapata kaimati zinazoungua nje. Utamu wote uko kwenye shira. Ukitaka ziwe na gome linaloalika, toa vijiko viwili vya chakula vya unga wa ngano na mahali pake tia viwili vya unga wa mchele. Mchele hauna zile nyavu, kwa hiyo gome linakauka na kukatika badala ya kuvutika. Tui la nazi? Nalipenda, na kwetu kaimati za tui na hiliki ndizo za wageni. Lakini nitasema kweli, mafuta ya nazi yanalainisha. Za kula papo hapo tia tui. Za kuuza na kukaa saa mbili tia maji.

Sasa mafuta, na hapa ndipo penye uongo mwingi kuliko mahali pote.

Tunasema kaimati "inakunywa" mafuta, tukadhani inayanywa ikiwa ndani ya karai. Mengi hayaingii wakati huo. Kaimati ikitumbukia, maji yaliyomo kwenye unga yanageuka mvuke na kutoka kwa nguvu, yale mapovu unayoyaona yakiizunguka, na maadamu mvuke unasukuma kutoka nje, mafuta hayana njia ya kuingia. Ukiitoa, mapovu yanakoma, mvuke uliobaki ndani unapoa na kunywea, na nafasi iliyoachwa inavuta mafuta yaliyogandia juu ya gome. Dakika ile ya kwanza nje ya karai ndiyo ya kunywa. Kwa hiyo usizilundike kwenye sahani. Zitoe kwa kijiko cha matundu, zitikise juu ya karai, zimwage kwenye chujio pana ambamo hewa inapita chini. Gazeti liache. Wino wake si wa kuliwa, na kaimati zilizolalia karatasi zinatoa jasho upande wa chini.

Basi joto liwe kiasi gani? Nyuzi 170 hadi 180 kwa sisi wa pwani. Huko juu maji yanachemka mapema, karibu nyuzi 95 badala ya 100, kwa hiyo unyevu unatoroka haraka na gome linakauka na kushika rangi kabla ya katikati kuiva. Punguza joto kidogo, kama nyuzi 8, na zikae dakika moja au mbili zaidi. Yule aliyekwambia mafuta yawe ya moto sana amekupa nusu nyingine ya kaimati zako mbichi. Mafuta ya baridi mno nayo yanazidhuru, maana mvuke unatoka kwa unyonge, gome halijifungi, na kaimati inakaa humo ikilowa. Kama huna kipimo cha joto, dondosha tone la unga. Likizama likakaa chini, bado. Likipiga juu palepale na kuwa kahawia ukihesabu mpaka kumi, yamezidi. Likizama, likatulia kama linafikiri, kisha likapanda taratibu na mapovu madogo, hapo ndipo.

Mafuta yawe ya kutosha kaimati kuelea bila kugusa chini, na usizijaze. Kila tonge ni la baridi, linashusha joto la karai. Ukitia 25 kwa mpigo umeyapoza mafuta yote. Tia 10 au 12, na kuanzia zinapopanda usiache kuzizungusha kwa mgongo wa kijiko. Kuzungusha huko ndiko kunakoleta ule wekundu wa sawasawa na umbo la mviringo. Ukubwa nao utazame: kaimati inafura, kwa hiyo tonge likiingia na ukubwa wa ndimu linatoka kama yai, na yai hilo haliivi katikati. Lowesha mkono wa kushoto, chota unga, funga ngumi, minya mpaka kichwa kidogo kichomoze kati ya kidole gumba na cha shahada, kikate kwa kijiko kilicholowa. Kichwa hicho kiwe kama kokwa tatu za tende zikiwa pamoja, si zaidi.

Na mafuta yaliyokwisha kukaanga samaki na viazi wiki nzima usiyalete kwenye kaimati. Mafuta yakichakaa yanavunjika na kuzaa vitu vinavyofanya kazi kama sabuni, vinayasaidia kushikamana na chakula. Yanatoa povu, yamekuwa mazito na meusi, na kaimati zitayabeba mengi zaidi hata ufanye yote mengine sawasawa.

Kuhusu kulegea ikifika magharibi, mwanangu, ulipoandika neno hotpoti nilicheka. Iringa ni kavu kuliko Tanga. Kwa haki, kaimati zako zingekaa kavu muda mrefu kuliko za mama. Lakini gome la kaimati ni kavu na tumbo lake lina unyevu, na unyevu huo hauachi kusafiri kwenda nje. Zikiwa kwenye ungo, unafika nje na kupeperuka. Zikiwa ndani ya hotpoti, zinajipika kwa mvuke wao, matone yanashuka kutoka kwenye kifuniko, na kilichokuwa gome kinakuwa ngozi. Umezikinga na baridi, ukazichovya kwenye mvua. Ziache wazi, juu yake kitambaa chepesi cha kuzuia nzi. Kaimati baridi yenye gome ina heshima yake mezani.

Ukitaka ziwe na moto na gome kwa pamoja, kaanga mara mbili. Mara ya kwanza kwa moto wa wastani mpaka ziive na kuwa na rangi ya majani makavu. Zipumzishe nusu saa au hata saa mbili. Unyevu wa ndani utasogea kwenye gome. Halafu zirudishe kwenye mafuta yaliyochangamka zaidi kwa dakika moja na nusu hivi, unyevu uliosogea utatolewa, na gome litakuwa kavu mara mbili ya lile la kwanza. Kwa anayeuza futari hii ni neema: kazi ya kutokwa jasho unaimaliza baada ya adhuhuri, saa kumi na moja na nusu unazirudisha tu na kuzitia shira.

Shira nimeiacha nyuma kwa sababu ndiyo niipendayo. Hata jina la kitu hiki ni la Kiarabu, luqaimat, maana yake vitonge. Waomani na watu wa Ghuba mpaka leo wanaviita hivyo na mara nyingi wanavimwagia asali ya tende. Vitabu vya upishi vya Baghdad vya karne ya 13 vinalo tonge hili kwa jina la tonge la kadhi, Waturuki wakaliita lokma, Wagiriki loukoumades. Njia ya jahazi ni ndefu. Lakini kila lilipofika, swali la mpishi lilibaki moja: utamu ukae nje au uingie ndani? Shira nyepesi ikikutana na kaimati ya moto inavutwa ndani, kwa sababu ileile ya mafuta, ule mvuke unaonywea. Inakuwa kama sponji. Kuna wanaopenda hivyo na sina ugomvi nao. Kaimati ya kwetu inataka utamu ukae juu, unate, ung'ae, ukivunja gome usikie kwanza mlio halafu sukari. Kwa hiyo shira iwe nzito kama asali, na iwe vuguvugu, kwa kuwa shira nzito ikichemka nayo inakuwa nyepesi kama maji. Zitoe kwenye mafuta, zipumue dakika moja, zitupie ndani ya shira, zigeuze mpaka zote zivae, zitoe palepale. Usizilaze humo.

Na kuganda chengachenga? Fuata hesabu hii. Vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji. Maji ya joto la kawaida, mililita 100, yanaweza kubeba kama gramu 200 za sukari. Shira yako ukiichemsha mpaka kuvuta uzi, maji mengi yamekwenda, na yaliyobaki yamebebeshwa mzigo wa mara moja na nusu mpaka maradufu ya uwezo wake. Ikiwa ya moto haisemi kitu. Ikianza kupoa inatafuta kisingizio tu cha kuutua mzigo: punje moja ya sukari iliyoganda ukingoni mwa sufuria, mwiko unaokoroga ovyo, na baridi. Jiko lako la Iringa linaipoza shira mpaka nyuzi 18, jiko la mama linaishia 30. Ndiyo maana kule ulikuwa unaponea chupuchupu.

Sasa ndimu. Wanao wamekutoa kwenye njia bila kujua. Ukali wa ndimu ukichemka pamoja na sukari unaikata sukari kidogo katika sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi. Umeona matofali ya kuchoma huko Iringa, yakiwa sawasawa yanavyopangika haraka? Changanya na mawe ya mto humohumo, ukuta haupandi. Sukari inayoganda ni matofali yanayopangana, na hizo sukari ndogo ni mawe yanayoharibu mpango. Lakini lazima ndimu iingie mwanzoni, shira ikianza kuchemka, kijiko kimoja cha chai kwa vikombe viwili vya sukari. Kiasi hicho hakuna mtoto atakayekigundua chini ya hiliki na zafarani. Nadhani ulikuwa unaikamulia mwishoni, baada ya kuepua. Hapo haina muda wa kufanya kazi, inabaki ukali mtupu.

Koroga sukari iyeyuke kabla haijachemka, halafu mwiko uweke chini. Ukingo wa sufuria ufute kwa kitambaa kilicholowa, au funika dakika moja mvuke uuoshe. Usihesabu dakika, kwa kuwa mkaa na gesi havifanani. Chukua tone kwenye kijiko, lipoe, libane kati ya vidole viwili na kuviachanisha: uzi mmoja mfupi usiokatika upesi, epua. Na wewe uliyeungua ulisikie hilo mara mbili, tone lipoe kwanza. Kama una kipimo cha joto, mapishi ya pwani yakisema nyuzi 108 wewe komea 103, maana huko kila kitu kinachemka mapema kwa kama nyuzi 5. Mtihani wa uzi haujali mwinuko, ndiyo maana mimi naupenda.

Ikiganda usiimwage. Tia vijiko vitatu vya maji na matone ya ndimu, rudisha kwenye moto mdogo, uiache iyeyuke yenyewe. Niliwahi kugandisha sufuria nzima mbele ya wakwe, siku ya idi, na mkubwa mmoja akaniambia kwa upole, "Sasa lete visheti." Alikuwa na haki. Visheti ndivyo tunavyovitaka hivyo, shira inapigwa kwa makusudi mpaka ieupe na kukauka juu yake. Kosa la kaimati ndilo pishi la visheti.

Kuhusu kuuza, usianze siku ya kwanza ya mfungo. Pika kilo nusu mara tatu kabla yake, kwa saa zilezile za alasiri utakazouzia, uziache wazi saa mbili, kisha uzile wewe mwenyewe. Zikishinda mtihani huo, uza. Shira unaweza kuifunga kando kwenye kimfuko kwa anayekaa mbali. Wateja wengine watanung'unika, lakini kaimati zitafika zikiwa hai. Pita pia kwa afisa afya wa kata yako, akueleze taratibu za anayeuza chakula kilichopikwa, ikiwemo kupima afya.

Umefundishwa kwa kutazama, na mimi nimekuandikia maneno mengi ambayo hayawezi kukuonyesha uzito wa unga mkononi. Kama kuna mama wa pwani hapo mtaani, na Iringa hawakosekani, mwombe usimame naye jikoni mara moja. Na mpigie mama yako. Usimuulize unga upigwe dakika ngapi, atakwambia "mpaka uwe vizuri" na mtagombana bure. Mwambie mdogo wako aliye nyumbani airekodi kwa simu mikono ya mama tu, tangu unga unapoingia bakulini mpaka tonge la kwanza linapotumbukia karaini, na asizime sauti.